Kichaka Kilichofyekwa kwa Harusi

Nimechoka. Mtu aliyeanza kwa kupakua mizigo stesheni ya Itigi, darasa la nne hakulimaliza, na leo ana mashine za kusaga na lori lake mwenyewe, anaruhusiwa kusema amechoka.

Nyuma ya nyumba yangu kuna kichaka. Ndani yake imo miti midogo isiyofika kifuani, mibichi hata kiangazi, wakati mingine yote imebaki vijiti. Ni migumu kama pembe. Zamani mafundi waliitumia kuchonga vitana na mipini ya visu, ndiyo maana kwingine imekwisha. Afisa misitu, binti wa umri wa wanangu, aliniambia iko hatarini kutoweka, na hukua taratibu mno. Tangu hapo hakuna kijiti kilichotoka mle. Wenye uwezo wenzangu wana maghorofa Singida mjini. Ghorofa mtu yeyote hujenga. Mti ule nani anao?

Mwaka huu, kiangazi kikiwa kikali, nilipeleka lori Manyoni kwa fundi. Harusi ya binti yangu ilikuwa karibu, na kwetu mji unaosubiri wakwe lazima uwe mweupe: ufyekwe, ufagiwe, mchanga uonekane. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja kusaidia. Niliporudi nilimkuta amekalia ndoo, anafuta jasho.

"Shemeji, nimekusafishia mpaka kule nyuma. Ulikuwa unafuga nyoka."

"Ile miti midogo je?"

"Si uliniambia nisiiguse? Nimeiacha. Sasa hata inaonekana."

Kweli aliiacha. Alifyeka kila kilichoifunika, akakwangua majani makavu chini yake, akayachoma. Miti ilisimama juani peke yake.

Nikampigia afisa. Akaja na pikipiki, akaniamkia, akachutama na kufukua udongo kwa kidole.

"Mzee, mizizi iko juu juu. Ilikuwa inaishi kwa kivuli na majani yaliyooza. Jua hili litaimaliza kabla ya mvua."

"Nina pampu, binti. Nina tenki kubwa kuliko la shule."

"Maji bila kivuli, utaipika."

Basi tukaanza kurudisha uchafu. Mimi na shemeji tulizoa majani porini, tukayaburuta kwa turubai, tukajenga vichanja vya nyasi juu ya miti.

"Wenzako wanafagia, wewe unamwaga takataka," shemeji alisema. "Wakwe wakiuliza, nitasema umerogwa."

"Waambie. Na ukimaliza, lete nyasi."

Harusi imepita, mvua bado. Miti ya upande wa magharibi imepukutika, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kila asubuhi kabla ya kufungua mashine nakwaruza gome kwa ukucha, nitazame kama ndani kuna ubichi. Mingi ni mikavu. Leo mmoja, mdogo kuliko yote, ulikuwa bado mbichi. Nikakaa chini pale pale kwenye majani. Hata nguvu ya kufurahi sikuwa nayo.