Aliyenitangulia Kibandani

Mimi si mtu wa kupenda hadithi za mashetani. Nimefundisha shule ya msingi hapa Githongo miaka mingi, na Jumapili hunikosi kanisani. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, tena jua halijazama.

Mume wangu, Mutuma, alikuwa askari wa msitu. Alikaa peke yake kwenye kibanda cha mbao huko juu mlimani, katikati ya miti mikubwa ajabu. Watu sita wakishikana mikono hawaumalizi mmoja kuuzunguka. Nyumbani alishuka kila mwisho wa mwezi. Mimi sikuwahi kupanda kwake hata mara moja. Nilisema ni mbali, ni baridi.

Basi jirani akaniambia amemwona Mutuma pale Makutano akinunua kitambaa cha kichwa, chekundu, cha mwanamke. Mwisho wa mwezi ukafika, kitambaa sikuletewa. Wewe ungefikiri nini? Wivu ulinishika. Ijumaa shule zilipofungwa, nikashika njia ya msituni bila kumwarifu.

Nilifika kama saa kumi na moja jioni, ukungu umeanza kushuka. Moshi ulikuwa ukitoka kibandani. Halafu nikasikia mwanamke akicheka, na Mutuma akicheka naye. Niamini, nyumbani mume wangu hakuwa amecheka hivyo kwa miaka mitatu. Nikaokota ukuni wa kumpiga nao huyo mwanamke, nikanyemelea hadi ukutani, nikachungulia kati ya mbao mbili. Kitambaa chekundu nilikiona. Alikuwa ameinama akiponda irio ya viazi na mahindi. Akainua uso.

Ulikuwa uso wangu. Kovu langu la kidevuni, pengo langu la meno. Alitazama pale pale nilipochungulia, wala hakushtuka. Akamwambia Mutuma anakwenda kuleta kuni, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilizunguka mbio. Hapakuwa na mtu. Miti tu, na nyasi zenye umande ambazo hakuna aliyezikanyaga. Nikaingia ndani, ukuni bado mkononi. Mutuma hakushangaa kuniona.

"Umerudi na ukuni mmoja tu?" akaniuliza. "Na kitambaa umekiacha wapi?"

Nilimuuliza nimeanza lini kuja pale. Alidhani namtania. Akasema kila Ijumaa, tangu mvua zianze. Akasema ananishukuru kwa kumweleza habari za mtoto wetu aliyefariki, jinsi alivyonishika kidole asubuhi ile ya mwisho. Jambo hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani. Kila Mutuma alipouliza, nilimnyamazisha.

Tulishuka jioni ile ile, na kazi akaiacha. Ilimchukua muda kukubali kwamba yule mwanamke hakuwa mimi. Tumeombewa na wachungaji wawili, na hatujamwona tena. Watu hudhani namwogopa. Sivyo. Namwonea wivu hadi leo, mwanamke mwenye sura yangu aliyejua kumchekesha mume wangu.

Majuzi nilijikaza, nikamwambia Mutuma sasa niko tayari kumsimulia asubuhi ile ya mtoto. Akanishika mkono kwa upole.

"Alishaniambia," akasema. "Na aliniambia vizuri."

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, kama una neno la mtu wako, mpelekee mwenyewe, hata kama njia ni ndefu na kuna baridi. Ukikawia, atatokea wa kumpelekea.