Mama Anaumwa Kidogo

Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kufa kwa simu. Wote huumwa kidogo kwanza. Babu aliumwa kidogo, shangazi akaumwa kidogo, na baba yangu, aliyeanguka shambani asubuhi akakata roho kabla jua halijapanda, naye aliumwa kidogo hadi nilipofika nyumbani saa nane mchana na kukuta turubai limeshafungwa. Mkononi nilikuwa na mfuko wa machungwa. Nilikuwa nimeyachagua moja moja sokoni Mpanda, nikabishana na muuzaji kwa sababu mawili yalikuwa laini, nikijua mgonjwa hapendi chungwa laini. Watu waliokaa chini ya turubai waliutazama ule mfuko, kisha wakatazama pembeni.

Najua kwa nini tunafanya hivi. Tunasema msafiri asije akaanguka njiani, asije akazimia kwenye pikipiki. Ni huruma, sikatai. Lakini huruma hii imeniharibu kichwa, na nimechoka kuisifia. Toka siku ile, simu ikilia najua ni msiba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ung'ongo wangu unalia mara arobaini kwa siku, tena naulipia bando.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kwenye baraza ya duka moja Shanwe, hapa Mpanda, na kazi yangu inataka macho na akili vikae sehemu moja. Zamani nilikuwa naweza kukata gauni tatu mfululizo huku nikipiga soga na wateja. Sasa simu inakaa juu ya meza ya cherehani, kioo kikitazama juu, na kila baada ya mshono mmoja jicho linaenda. Kuna kundi la ukoo la WhatsApp, watu mia na kitu, Wasukuma waliotawanyika kutoka Shinyanga mpaka huku Katavi, na wote ni kama wamekula kiapo cha kutishana. Asubuhi unaletewa sauti ya mtu asiyejulikana akisema usinywe maji baada ya kula embe. Saa nne, picha ya ajali. Saa sita, "tuma kwa watu kumi uwapendao". Na katikati ya takataka hizo, siku moja moja, kuna msiba wa kweli, kwa hiyo huwezi kuacha kusoma.

Mwezi ule nilikata kitenge cha mama mmoja wa kwaya, chenye picha za kanga, ndege wale. Nilikata upande wa mbele kanga wakiwa wamesimama, upande wa nyuma kanga wakiwa miguu juu. Sikuona nilipokata, sikuona nilipounga, niliona mteja alipogeuka mbele ya kioo. Alijitazama mgongoni, akasema taratibu, "Fundi, kwani hawa wa nyuma wamekufa?" Nikacheka naye kwa aibu. Moyoni nilikuwa na hasira ya kutosha kupasua meza.

Nilikwenda zahanati kwa ajili ya mapigo ya moyo. Daktari alinipima, akasema presha iko sawa, akaniuliza nikiamka nashika nini cha kwanza. Nikamwambia simu. Akaniambia niwe naifungia kabatini kwa saa moja kila siku. Nikaifungia kweli, nikakaa saa nzima nikilitazama kabati.

Hofu yangu yote ilikuwa kwa mama. Mayu, kama tunavyomwita sisi, anaishi Kakese na mdogo wangu wa kiume, kwenye mji ambao baba alijenga tulipohamia huku na ng'ombe. Kutoka Shanwe kwa pikipiki haichukui hata saa moja. Lakini mimi nilikuwa simwoni, nilikuwa nampigia. Asubuhi nampigia, mchana nampigia, jioni nampigia. "Mayu, uko mzima?" "Mzima." "Kifua?" "Hakisumbui." "Haya." Nakata, napumua, nashona mishono minne, hofu inaanza upya. Ana kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, ambacho huchajiwa kwa jirani mwenye sola, na siku kikiwa kwa jirani naambiwa hapatikani, basi siku hiyo sishoni kitu cha maana. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote. Nani mwingine anampigia mama yake mara tatu kwa siku?

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, kama saa tatu na nusu asubuhi, kitochi cha mama kiko kwa jirani tangu jana yake. Nilikuwa nimetandika kitambaa cha sare za shule, chaki mkononi. Mdogo wangu akapiga. Huyu hapigi, huyu hubipu. Kwa hiyo alipopiga mwenyewe, kwa hela yake, nilikuwa nimeshajua kabla hajafungua mdomo.

"Dada, mama anaumwa kidogo. Njoo."

Aliendelea kuongea, lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, na sisi tunajua utulivu wa namna hiyo unamaanisha nini. Mtu atauliza, mbona hukumpigia tena mdogo wako ukahakikisha? Nimpigie nimuulize nini? Ukipiga unaambiwa "wewe njoo tu", na hiyo "njoo tu" ndiyo mbaya zaidi. Nilimpigia baba yangu mwenyewe siku ile, simu ikapokelewa na mzee wa jirani, akaniambia amelala.

Nikakaa chini sakafuni. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naumwa na kichwa. Nilifungua kundi la ukoo, nikaandika: "Ndugu zangu, mama yetu ametutoka. Naelekea Kakese." Nikatuma. Hata machozi yalikuwa hayajatoka, kidole kilikuwa kimeshatangulia.

Nilijifunga kanga kiunoni, nyingine kichwani, nikapanda bodaboda. Njiani simu ilikuwa ikitetemeka mfululizo. Mishumaa, mikono iliyokunjwa, "Bwana alitoa na Bwana ametwaa". Nilisoma zote huku vumbi likiniingia machoni, na nikiri kwamba zilinifariji. Mtu anafarijika vipi kwa mama ambaye hajamwona miezi mitatu? Sijui, lakini nilifarijika.

Pale njia inapokata kuingia kwetu nilishuka nikaanza kulia kwa sauti, kama inavyotakiwa. Kwetu kilio hakiulizwi, kilio hupokelewa kwanza. Jirani wa kwanza alitoka na mikono yenye unga, akapokea. Wa pili akapokea. Tulipofika uani tulikuwa wanawake saba, tunalia vizuri, na kutoka nyuma ya nyumba akatoka wa nane, amejifunga kanga, mikono kichwani, analia kutuzidi wote. Alikuwa mama.

Alisikia kilio akajua msiba umeingia, akatoka kuupokea. Alilia kama dakika nzima kabla hajanishika mabega, uso umelowa, akaniuliza, "Mwanangu, ni nani? Ni mume wako?"

Yule jirani mwenye unga alikuwa ameshaacha kulia, anamtazama mama, ananitazama mimi. Mmoja mmoja wanawake wakanyamaza. Mdogo wangu akatokea na ndoo ya maji, akasimama.

"Dada, nilikwambia anaumwa kidogo," akasema. "Malaria. Ameshaanza dawa. Nikakwambia anataka uje mkae naye, hata siku mbili."

Mama alielewa kabla sijaeleza. Kumlilia mtu aliye hai kwetu ni mkosi, na mama alikuwa amejililia mwenyewe, kwa sauti, uani kwake, mbele ya majirani. Sijawahi kumwona na hasira ile. Hakupiga kelele. Aliwaambia wale wanawake, "Nyie nendeni, poleni kwa usumbufu," akasubiri wa mwisho apite, kisha akakaa kwenye mkeka wake juani, sweta limefungwa hadi shingoni, kikombe cha uji pembeni.

"Wewe," akasema, "kila siku unanipigia kuuliza kama nimekufa. Asubuhi, nimekufa? Mchana, nimekufa? Jioni, bado tu? Hujawahi hata siku moja kunipigia kuniuliza nimepika nini."

Nilitaka kujitetea. Nilitaka kusema ni upendo. Lakini simu ilikuwa inatetemeka kiunoni mwangu, na mkono wangu, jamani, mkono wangu ulikuwa umeshaenda kuishika. Mama aliutazama ule mkono.

Nikaandika kwenye kundi: "Samahani, mama ni mzima, ilikuwa makosa." Nani anasoma? Maji yakimwagika hayazoleki. Mmoja alijibu "Amina". Mwingine akatuma mshumaa. Wa tatu akauliza mazishi ni lini. Na mjomba, kaka yake mama wa Tabora, alikuwa ameshazima simu kutunza chaji, ameshakata tiketi.

Alifika kesho yake. Mzee wa watu alishuka kwa pikipiki ya kukodi, kwapani ana blanketi jipya la kumzikia dada yake, akamkuta dada yake anafukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa. Alikaa chini palepale njiani. Alilia, safari hii kwa kweli, halafu akacheka, halafu akalia tena. Mama akamwacha amalize, akamnyang'anya lile blanketi. "Lete," akasema, "Kakese siku hizi kuna baridi." Akachinja jogoo wake mmoja wa pekee kuwalisha watu waliokuja kumzika. Mjomba alikula, akaniita pembeni, akaniambia mimi si mtoto, nina watoto, nikitaka kuua watu nianze na wa mbali. Nilistahili.

Nilikaa siku mbili zile alizozitaka. Tuliketi kubangua karanga za mbegu, mimi na yeye, kila mtu na beseni lake. Mama alibangua huku ananisimulia mambo: ng'ombe aliyezaa, mke wa jirani aliyerudi kwao, mahali anapotaka mdogo wangu aoe. Nilikuwa naitikia. Simu nilikuwa nimeiweka ndani, na mimi nilikuwa nimekaa nje, lakini akili ilikuwa imebaki ndani na simu. Nilikuwa nawaza nani amejibu, nani ananicheka, nani kafa kwa kweli wakati huu ambao sitazami. Mama akaacha kusimulia. Akaingiza mkono kwenye lundo langu la maganda, akatoa kiganja kimejaa karanga nzima. Akatazama beseni langu, lilikuwa na maganda.

"Unatupa mbegu, unaweka taka," akasema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Nilirudi Shanwe nimekasirika na kila kitu. Na ile mila ya kuficha vifo, na huyo aliyebuni makundi, na mimi mwenyewe zaidi ya wote. Nilijitoa kwenye kundi la ukoo. Haikupita siku, binamu mmoja akanirudisha, akaandika, "Naona ulitoka kwa bahati mbaya." Nikabaki, maana ukitoka mara mbili wataanza kuuliza nani kakuroga. Simu sasa naiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Naifungua ile droo kutafuta vifungo mara nyingi kuliko nguo zinavyohitaji. Mteja wa kanga amehamia kwa fundi mwingine, na simlaumu.

Lakini maneno ya mama hayakuniacha. Niliacha kupiga asubuhi, mchana na jioni. Kwangu ilikuwa kama kuacha sigara. Niliivumilia Alhamisi, nikaivumilia Ijumaa. Jumamosi mchana niliacha kazi, nikakaa kwenye benchi, nikajipanga kama mtu anayekwenda kuposa. Sitauliza kifua. Sitauliza dawa. Sitauliza kama yuko mzima. Nitamuuliza kitu cha kawaida, kama mtoto na mama yake, na nitasikiliza jibu mpaka mwisho.

Alipokea. Nikamsalimia, akaitikia. Nikasema, "Mayu, leo umepika nini?"

Nikasikia kuku, nikasikia redio ya mdogo wangu kwa mbali, kisha redio ikazimwa. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo, sauti niliyoifahamu vizuri kwa sababu ndiyo yangu ninapopokea simu.

"Sema tu, mwanangu," akasema. "Nimeshakaa chini. Nani kafa?"