Upepo wa Jumamosi

Clifford Beddoes aliendesha lori la maziwa maisha yake yote katika vilima vya Shropshire, Uingereza. Alipostaafu alibakiwa na mbwa, bunduki ya upepo, na panya wa maghala ya majirani. Wakulima walimwita awapunguzie, wakamshukuru kwa mayai. Bunduki yake haikutaka baruti. Ilitaka upepo ulioshindiliwa kwenye mtungi wa chuma, na upepo huo aliufuata mjini kila Jumamosi, kwenye duka la vifaa vya wapiga mbizi la Glenys Preece.

Na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wake. Glenys, mjane kama Clifford alivyokuwa mgane, aliupokea mtungi, akaufunga kwenye mashine ya nyuma, kisha akamimina chai. Mtungi ulipokuwa ukijaa, wao walipiga soga. Wahenga husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini mzee huyu alikimeza kikohozi chake mwaka baada ya mwaka. Wiki nzima alitunga maneno ya kumwambia, na kila Jumamosi alirudi nayo nyumbani, hayajaguswa.

Ndipo Krismasi moja binti yake, Heather, akamletea zawadi: kompresa ya nyumbani, mashine ya kushindilia upepo.

"Baba, basi kuhangaika na barabara zenye barafu. Utajaza mwenyewe hapo bandani."

"Mbona sijalalamika, mwanangu?"

"Wewe? Hata ukatwe mguu hulalamiki. Haya, fungua boksi!"

Angesema nini? Kwamba miaka yote hiyo hakufuata upepo? Akafungua boksi.

Aliifunga mashine vizuri, maana hakujua kulipua kazi. Akaisawazisha mezani, akatia mafuta hadi kwenye alama, akatumbukiza pampu ya maji ya kupozea ndani ya ndoo. Kwanza akaiendesha bila mtungi, koki ikiwa wazi, hadi mlio ukatulia. Kisha akaunga mtungi, akawa anafungua koki ya unyevu kila baada ya muda ili iteme maji. Mshale wa geji ukapanda hadi pale pale Glenys alipokuwa akiufikisha, mashine ikajizima yenyewe. Kazi safi, haina dosari. Clifford akakaa juu ya debe, akatamani kulia.

Jumamosi mbili hakwenda mjini. Alimkumbuka Glenys hadi chakula kikamshinda: kicheko chake cha puani, na tabia yake ya kumkorogea mtu chai bila kuuliza. Lakini watu wa kule hawaendi kwa mtu hivi hivi. Lazima uwe na kitu cha kuazima au cha kurudisha.

"Nitasema nimefuata nini?" alimwuliza mbwa. Mbwa akapiga miayo.

Jumamosi ya tatu aliutoa mtungi uani, akaifungua koki yake yote. Upepo ukatoka ukinguruma, kuku wa jirani wakatawanyika, mbwa akajificha chini ya gari. Ulipokwisha, akaupakia mtungi, akachana nywele, akaondoka.

"Mzee wa panya!" Glenys akamlaki. "Nilidhani wamekushinda, wamekuzika."

"Barabara tu, Bi Preece. Mtungi umeniishia."

Glenys akaupokea, akashtuka. Ulikuwa na baridi ya kuuma vidole, na shingoni umefanya utando mweupe wa barafu. Mtungi wa kupigia panya hutumika kidogo kidogo, wala haupoi hivyo. Hupoa hivyo ukimwagwa wote kwa mpigo, tena muda si mrefu. Mwanamke aliyeishi na mitungi tangu ujana hakuhitaji kuambiwa.

"Clifford, huu umeumwaga mwenyewe."

Uso wa mzee ukaiva. Maneno yote aliyoyatunga yakamkimbia.

"Binti yangu kaninunulia kompresa," akasema. "Inafanya kazi vizuri sana."

"Vizuri sana?"

"Sana. Naichukia."

Glenys hakucheka. Aliulaza mtungi sakafuni, wala hakuupeleka kwenye mashine. Akaenda mlangoni, akageuza kibao ili wateja wajue pamefungwa, kisha akamvutia kiti.

"Kaa," akasema. "Leo hatusubiri kitu kijae. Sema."