Ndoano Nne na Mbuzi Wenye Kiu

Mimi nina mdomo, sitaficha. Kaunti iliponiajiri ukarani na kunipeleka upande wa Biliqo, nilifika na ndoano nne, uzi, na mahubiri. Kila Jumamosi pale mto Ewaso Nyiro nilimsumbua jirani yangu, fundi wa mawe, aliyekuwa akivua kwa neti ya mbu. Nilimwambia neti ile inazoa hata watoto wa samaki, kwamba huo ni ulafi, kwamba muungwana huvua kwa ndoano, mmoja mmoja. Yeye alicheka tu na kwenda kukaanga visamaki vyake.

Kiangazi kilipokaza, mto ukakatika, yakabaki madimbwi. Dimbwi letu ndilo lililonywesha mbuzi wa mama mmoja Mborana, ambaye samaki hajawahi kumtia kinywani na hana mpango huo. Asubuhi moja kambare mkubwa alinivuta, uzi ukakatika, akaenda zake na ndoano. Nikacheka, nikasema amenishinda kwa haki.

Yule mama alikuwa anateremka na mbuzi. Baada ya salaam aleikum aliniuliza kile chuma kimeenda wapi. Nikamjibu kiko humo humo majini. Akanyoosha fimbo mbele ya mbuzi, wote wakasimama.

“Mwaka jana mbuzi wangu alimeza kitu kama hicho,” akasema. “Alihangaika siku nne, akafa. Leo hakuna atakayekunywa mpaka kitoke.”

Mbuzi walikuwa wametembea tangu alfajiri, na dimbwi lingine lilikuwa mbali sana. Walinililia usoni, mimi mtetezi wa viumbe vidogo! Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikakunja suruali, nikaingia, nikapapasa matope kwa miguu na mikono nikimsaka yule kambare. Wapi!

Basi ikabidi nimeze mate machungu, nikamwomba fundi alete neti yake. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Tukaikokota mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ikatoka na kambare wangu, kipande cha uzi kikining'inia mdomoni, na visamaki tele. Nilipokuwa naitoa ndoano, fundi alivitazama vile visamaki, akanitazama mimi, akavirudisha vyote majini. Kambare nilimpa yeye. Mimi sikuwa na uso wa kumla.

Siku hizi fundi ana wavu wenye matundu mapana, nami mahubiri nimepunguza kidogo. Kiangazi bado tunavua pale pale, maana hatuna kwingine. Kabla sijaondoka, mama hutaka nifungue kiganja, azihesabu ndoano, ndipo mbuzi washuke.

Jumamosi iliyopita nilisahau. Nilikuwa nusu ya njia ya kurudi nilipokumbuka, nikageuza pikipiki mbio. Nikamkuta amesimama pale pale, fimbo imenyooshwa, mbuzi wote nyuma yake wakilia.

“Nne, mama,” nikasema, nikafungua kiganja.

Akazihesabu mwenyewe kwa kidole, akashusha fimbo.