Vunja Nzima Kwanza

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na saba. Shule aliiachia darasa la nne. Hesabu alijifundisha kwenye kitabu kisicho na jalada, kisha akanifundisha mimi, rula mkononi.

"Usizidishe nzima kwa nzima, kipande kwa kipande," alikuwa akisema. "Huo ni uvivu. Vunja nzima kwanza, zote ziwe vipande. Ndipo uzidishe."

Siku hizi hakuna anayevunja chochote. Wanabonyeza simu, simu ikizima, na wao wanazima.

Mwaka jana kaka alianza kusahau. Kwanza majina, halafu njia ya nyumbani. Bintiye, ambaye sasa ndiye mwenye kibanda, alimwachia mkasi kwa sharti moja.

"Baba mdogo," aliniambia, "akiharibu kazi ya mtu tena, namnyang'anya. Sipendi, lakini nifanyeje?"

Bila mkasi ule, kaka hangekuwa na sababu ya kuamka.

Siku moja, binti akiwa ameenda kununua uzi, akaja mama mmoja. Alitaka magauni ya harusi: wasichana watatu na mtoto mmoja. Msichana mmoja hula mita mbili na robo tatu. Mtoto, kaka humhesabu nusu mtu.

"Nusu?" mama akacheka. "Ungemwona mezani, ungemhesabu wawili."

"Tumbo lina hesabu zake, mama. Mkasi una zake."

Akafumba macho. Mbili na robo tatu, mara tatu na nusu.

"Mbili mara tatu, sita. Robo tatu mara nusu, thumuni tatu. Nunua mita sita na nusu, utabakiza kidogo."

Jibu ni tisa na thumuni tano, sehemu tano za nane. Nilijua palepale. Lakini kumsahihisha kaka mbele ya mteja? Mdomo ulikataa. Nilijiambia nitamfuata mama yule nje, nikabaki nimekaa kama gogo.

Mama alipokileta na kaka akakikata, kitambaa kilitosha wasichana wawili tu. Dukani rangi ile ilikuwa imekwisha, na harusi ilikuwa keshokutwa. Mama yule alilia pale kibandani, bila kumtukana mtu.

"Kosa ni langu," nikamwambia binti aliporudi. "Mimi ndiye niliyemtajia."

"Baba mdogo, usinidanganye. Wewe?"

Kaka, mkasi ukiwa bado mkononi, alikuwa ameshika vipande, anavigeuzageuza. "Ilitakiwa ngapi?" akaniuliza.

Nikachukua chaki, nikamwandikia mezani. Mbili na robo tatu ni robo kumi na moja. Tatu na nusu ni nusu saba. Kumi na moja mara saba, sabini na saba. Nne mara mbili, nane. Thumuni sabini na saba, yaani tisa na thumuni tano. Alifuata kila mstari kwa kidole, midomo ikicheza.

"Unajua kueleza," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Kaka yangu."

"Yupo bado?"

Binti alinyoosha mkono, akautoa mkasi vidoleni mwa kaka polepole, naye akauachia kama kitu cha mtu mwingine.