Besi ya Kidole Gumba

Padri wa misheni yetu ya Kasongo alikuwa akipiga kwa violoni, yaani fidla, muziki mmoja wa kale wa Ulaya. Mimi, mwalimu wa darasa la pili, niliushika kwa sikio nikauhamishia kwenye gita. Violoni huvuta sauti ndefu, lakini ya gita hufa upesi. Kwa hiyo niliijaza nafasi kwa noti ndogondogo, na kidole gumba kikapiga besi ambayo violoni iliidokeza tu.

Siku moja alinikuta darasani nikiupiga.

“Gita ni la baa. Nani alikuruhusu kuugusa muziki huu?”

“Masikio yangu, Padri.”

Akaniamuru niache. Nikaanza tena mwanzo, polepole, nikaufikisha mwisho huku amesimama mlangoni. Jumapili niliupiga nje ya kanisa, mbele ya watu wote.