Mama Hajapanda Bado

Ile siku ninaikumbuka hadi leo, mwanangu, maana nililia mbele ya mama mkwe. Nilikuwa nimeolewa mwaka huo hapa Homa Bay. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi za wilaya, hizo hizo mnazoziita sasa za kaunti. Usiucheke mji wetu. Hata leo mvua ya kwanza ikinyesha, ofisini utamkuta askari wa getini tu. Wengine wako shambani, na wakubwa wao pia.

Basi mvua ilinyesha, mume wangu akaomba ruhusa, akaja nyumbani na mbegu na ng'ombe wa kulima. Lakini mama yake alikuwa amelala, malaria imemshika vibaya. Na kwetu sisi Wajaluo, mama mwenye boma ndiye hupanda kwanza, kisha wana hufuata.

Nikamwambia mume wangu, "Mama hajapanda bado."

"Jumatatu lazima niwe ofisini," akanijibu. "Mama ataelewa."

Ah, wasomi wetu na haraka zao! Akapanda shamba zima.

Jioni nikampelekea mama uji. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirisha. Akamwita mwanawe, akamwuliza polepole, "Nyathina, mwanangu, mmenizika lini?"

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Mama, nilikuwa na haraka."

"Asiyengojwa ni marehemu, mwanangu. Mimi bado niko."

Hapo ndipo machozi yalinitoka. Mama yule alinipokea kama binti yake, na nilimpenda.

Asubuhi tulimshika mikono, mume wangu upande huu, mimi upande ule, tukampeleka kwenye kipande chake nyuma ya nyumba. Akachimba mashimo machache, akatia mahindi, akaketi kupumzika. Kisha akatuambia na sisi twende tukapande. Mume wangu alirudia kupanda shamba lote kwa mkono. Jumatatu hakufika kazini, na mkubwa wake alimfokea sana.

Sasa nawaona nyinyi vijana wa kaunti. Mnakuja Jumamosi na trekta, mnalima, mnapanda, mnapiga picha, mnaondoka kabla chai haijachemka. Mama yuko ndani, anasikiliza. Sikukatazi trekta, mwanangu. Hata mimi naipenda, mgongo umechoka. Ninachokuomba ni hiki: kabla hujaiwasha, ingia ndani, kaa kidogo, mwulize mama kama amepanda. Kama hawezi, mshike mkono akadondoshe hata mbegu moja. Mzazi akilala peke yake huwaza mengi, na kubwa ni kama watoto wake bado wanamhesabu kati ya walio hai.

Mama alipona, akapanda mbele yetu miaka mingi. Sasa mwenye boma ni mimi, na magoti haya hayataki kuinama. Mvua imeanza, na mimi bado sijapanda.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe mavuno ya kutosha, na watoto watakaokuuliza kwanza.